Mgao wa Kahawa Uliovunjika

Mkulima wa kahawa wa Nyeri au Kisii aonapo bei ikishuka, desturi yake ni kukilaumu chama chake cha ushirika, au kiwanda, au mnada wa Nairobi. Pengine ana haki. Lakini pigo kubwa la mwezi wa Julai 1989 halikutoka huko. Lilitoka London, na ni wakulima wachache walioelezwa sababu yake.

Mwaka 1962 nchi zilimazo kahawa na nchi ziinunuazo zilitia sahihi mapatano mjini New York. Kila nchi ya wakulima iliwekewa mgao, yaani idadi ya magunia ya kilo 60 iliyoruhusiwa kuyauza. Bei ikianguka, mgao ulipunguzwa, ikipanda, uliongezwa. Ajabu ni kwamba mlinzi wa mlango alikuwa mnunuzi mwenyewe: kahawa isiyokuwa na cheti ilizuiwa forodhani. Kwa nini Marekani ikubali kununua kwa bei ya juu? Si kwa huruma tu. Baada ya mapinduzi ya Kuba ya 1959 iliogopa kwamba ufukara wa jirani zake wa kusini ungewavuta kwenye ukomunisti.

Migao haikutumika miaka yote. Baridi kali ilipoua mibuni ya Brazili mwaka 1975, ilikuwa imekwisha kuondolewa, na bei ikapaa yenyewe. Ilirudishwa mwaka 1980, na lengo likawa bei isimame kati ya senti 120 na 140 za Kimarekani kwa ratli.

Ndipo ugomvi ulipozidi. Nchi zisizokuwamo katika mapatano ziliuziwa kahawa ileile kwa bei rahisi, na Wamarekani wakachukizwa. Tena wanywaji walitaka arabika zaidi, kama ile ya Kolombia na Kenya, lakini Brazili haikukubali fungu lake likatwe. Migao ikaondolewa. Maghala yakafunguliwa kila upande, na kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imeanguka karibu nusu.

Kenya, iliyovuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, siku hizi haifikishi nusu ya hizo. Lawama zote si za London: madeni ya vyama yalikula malipo ya wakulima, na nyumba zimekula mashamba ya Kiambu. Wakati huohuo Vietnam ilipanda bila kuzuiwa na mgao wowote, hata ikawa ya pili baada ya Brazili.

Shirika la Kimataifa la Kahawa lingali London, likikusanya hesabu za mavuno na bei. Marekani ilijitoa humo mwaka 2018.