Mwaka Uliochongwa Mlangoni



Ndugu msomaji, ukipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, inua macho utazame vizingiti vya juu vya milango ya kale. Baadhi yake vimechongwa mwaka, nao ni wa Hijria.

Hivi karibuni kamati yetu ililetewa shauri. Nyumba moja ya mtaani inajulikana kuwa ni wakfu wa msikiti, kwa hati ya mwaka 1913 Miladia. Kijana mmoja wa ukoo wa aliyeiweka wakfu alisoma mlangoni 1306, akajumlisha 622, akapata 1928. “Mashekhe wangu,” akasema kwa adabu, “nyumba hii imejengwa miaka kumi na mitano baada ya hati. Wakfu ule ni wa nyumba nyingine.” Wazee wakanyamaza.

Kasoro ilikuwa katika hesabu. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku zipatazo 354, hivyo miaka 33 ya Hijria hulingana na takriban miaka 32 ya jua. Gawa 1306 kwa 33, utapata kama 40. Toa 40 hiyo, ibaki 1266. Kisha jumlisha 622. Jawabu ni 1888. Kosa la miaka arubaini lilikaribia kumkatia marehemu sadaka yake yenye kuendelea.

Hata hivyo, mlango peke yake si shahidi wa kutosha, kwani milango huuzwa na kuhamishwa. Tukatazama umbo lake: milango ya zamani zaidi aghalabu ni ya mraba juu, ilhali huu una tao na maua mengi, mtindo wa Kihindi ulioenea tangu enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Boriti za mikoko hazikutusaidia, maana zimetumika pwani kwa karne nyingi. Lililokata shauri ni hati yenyewe: tuliisoma mipaka yake minne, tukaitembea kwa miguu pamoja na kijana yule, ikaafikiana na nyumba ile ile.

“Nilikosea hesabu, sikukusudia dhulma,” akasema. Tukamwombea kheri.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kupaka rangi, kubomoa au kuuza mlango wa mababu, piga picha na unukuu maandishi yake. Na mwenye kuweka wakfu aandike tarehe zote mbili, pamoja na mipaka. Sisi tutaondoka, maandishi yatabaki kuwasemea wasiokuwapo.

Wabillahi tawfiq.