Neno la Mhariri: Furaha ya Bibi ni Kazi ya Kuandikwa

Bibi mkuu wa ukoo anapofariki katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kumbukumbu yake huhifadhiwa kwa njia mbili zilizozoeleka: tanzia, yaani tangazo la kifo linalosomwa redioni au kusambazwa kwa simu, na hitima, yaani kisomo cha Kurani kinachowakutanisha jamaa na majirani ili kumwombea marehemu. Tanzia huwataja watoto, wajukuu, vitukuu na mahali pa maziko, ilhali hitima humkabidhi marehemu kwa Mola wake. Njia zote mbili zina heshima yake, lakini hakuna kati yake inayobeba jambo ambalo waliomjua bibi huyo hulirudia zaidi wanapokaa matanga, nalo ni furaha aliyoishi nayo na aliyowagawia wengine. Hoja ya toleo hili ni kwamba furaha hiyo haikuwa tabia njema aliyojaliwa tu, bali ilikuwa kazi iliyohitaji mipango, mali, maarifa na mamlaka, na kwa sababu hiyo inastahili kuchunguzwa na kuandikwa kama kazi nyingine zinavyoandikwa.

Mombasa inatoa ushahidi ulio wazi. Katika masimulizi ya maisha yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kuchapishwa mwaka 1989, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy wanasimulia maisha yao wenyewe, na humo harusi, miiko na ngoma zina nafasi kubwa. Utafiti wa Strobel kuhusu wanawake wa mji huo ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba lelemama, ngoma ya wanawake iliyochezwa na vyama vilivyoshindana, ilikuwa na viongozi wenye vyeo, michango ya wanachama na karamu za gharama kubwa. Ndani ya vyama hivyo wanawake walijifunza kukusanya fedha, kusuluhisha ugomvi na kuongoza watu, katika jamii ambayo haikuwapa vyeo barazani wala serikalini.

Ushahidi wa Tanganyika unaifikisha hoja hii kwenye siasa. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma jijini Dar es Salaam, alipokabidhiwa mwaka 1955 uongozi wa tawi la wanawake la TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, aliwaendea kwanza wanawake waliokwisha kujipanga katika vikundi vya ngoma, na kupitia kwao chama kikapata wanachama wengi kwa muda mfupi. Mtafiti Susan Geiger, aliyeyakusanya masimulizi ya wanawake hao, alionyesha kwamba hawakusubiri kufundishwa umoja na wasomi wa chama, kwa kuwa walikuwa nao tayari.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza ni kwamba kuisifu furaha ya bibi huficha dhiki aliyoipitia. Hofu hiyo ni ya haki, hasa pale inapokumbukwa kwamba Bi Mishi alikuwa wa asili ya watumwa, na kwamba utumwa katika pwani ya Kenya haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Hata hivyo, kuchunguza jinsi furaha ilivyotengenezwa hulazimu kuuliza ilitengenezwa kwa mali ya nani na nani alibaki jikoni, na maswali hayo huifichua dhiki badala ya kuifunika. La pili hutoka ndani ya familia zenyewe, ambazo huona si adabu kutaja ngoma za mtu aliyemaliza uzee wake juu ya msala. Heshima hiyo haina budi kulindwa, na hakuna mwandishi mwenye ruhusa ya kufichua aliyoyasitiri marehemu. Lakini mara nyingi kinachofichwa si siri yake bali ni aibu ya wanawe.

Njia ya kazi hii haihitaji maktaba. Bibi ambaye hana cheti cha kuzaliwa anaweza kuwekwa katika wakati wake kwa kuuliza kama alipotumwa dukani utotoni alipewa rupia, sarafu iliyotumika Zanzibar hadi mwaka 1936, au kama harusi fulani ilifanyika kabla ya Mapinduzi ya 1964. Kisha huulizwa nani alipika, nani alialikwa, nani alinyimwa mwaliko, na deni lililipwaje. Makala za toleo hili zinafuata maswali ya namna hiyo, kwa sababu familia inayojua idadi ya wajukuu wa bibi yao, lakini haijui aliwezaje kuwaweka pamoja, itashindwa kuifanya kazi hiyo itakapofika zamu yake.