Kisiwa Si Kimbilio

Katika hadithi za mazombi hakosekani mtu huyu: wenzake wamejifungia dukani, milango inagongwa, chakula kinaisha, naye anatoa wazo lisilopingwa na yeyote. Tutafute boti, twende kisiwani. Msomaji naye anaitikia moyoni. Wafu hawajui kuogelea. Tukishazungukwa na maji, tumepona.

Tumepona nini? Lucio Fulci, Mwitaliano, alikijaza wafu kisiwa cha Karibi katika filamu yake Zombi 2 ya mwaka 1979, na mmoja wao akampambanisha na papa chini ya maji. Katika Dawn of the Dead ya mwaka 2004, manusura wanahangaika hadi wanakipata kisiwa chao, wanashuka, na wafu wamekwisha kuwatangulia. Watunzi walishatuonya zamani. Sisi bado tunapakia mizigo.

Lakini tuwaweke wafu kando kwanza. Desemba 2009 umeme wa Unguja, unaopita kwenye kebo chini ya bahari kutoka bara, ulikatika. Ukarudi Machi 2010. Pampu zikasimama, watu wakashinda na ndoo na madumu kutafuta maji, wenye uwezo wakawasha jenereta kwa dizeli ambayo nayo huja kwa meli. Mwaka 2008 mambo yalikuwa hayohayo, kwa takriban mwezi mmoja. Hakuna aliyeng'atwa shingo. Ilitosha waya mmoja kuharibika, na hicho ni kisiwa chenye serikali, bandari na masoko. Sasa mtunzi anataka niamini kwamba watu kumi na wawili wenye mapanga matatu, juu ya jiwe la matumbawe, wataishi miaka miwili kwa samaki na madafu? Mtu wa pwani anajua kwamba kisima cha karibu na bahari kikitekwa kupita kiasi huingia chumvi. Anajua pia mchele, unga na sukari vinashukia wapi. Bara likifa, kisiwa kinafuata baada ya wiki chache, kwa njaa ya kawaida tu.

Atatokea wa kuniambia kwamba walau maradhi hayavuki bahari. Huyo asome habari za Samoa mwaka 1918. Novemba 7 meli ya Talune, iliyotoka Auckland, ilitia nanga Apia ikiwa na wagonjwa wa homa ya mafua. Samoa ya Magharibi ilikuwa chini ya New Zealand, na wakubwa wake wakaruhusu abiria washuke. Karibu mtu mmoja kati ya kila watano akafa. Samoa ya Marekani iko jirani tu, na huko gavana, John Poyer, alifunga bandari na wenyeji wakashika doria ufukweni. Homa ile haikuua hata mmoja. Bahari ni ileile. Kilichotofautiana ni amri ya gatini, na amri ya kufunga gati maana yake ni kurudisha boti zenye watu ndani, pengine jamaa zako. Hapo ndipo penye hadithi, na hapo ndipo waandishi wengi wa riwaya hizi hupapita haraka ili wakimbilie damu.

Kisha kuna historia, ambayo inaifanya imani hii kuwa kichekesho. Zombi ni mzaliwa wa kisiwani. Alitoka Saint-Domingue, koloni la sukari la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, ambako watumwa kutoka Afrika waliamini kwamba wakifa roho zao zitarudi kwao, ng'ambo ya bahari. Zombi ni yule aliyenyimwa hata safari hiyo: amezikwa, akafukuliwa, akarudishwa shambani kulima bila ujira na bila mwisho. Mmarekani William Seabrook aliposimulia habari zao katika kitabu chake cha mwaka 1929, wakati majeshi ya nchi yake yakiikalia Haiti, mazombi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya miwa. Hawakula mtu. Ulaji wa nyama ulishika kasi baada ya filamu ya George Romero ya mwaka 1968.

Sisi tusijifanye wageni wa jambo hili. Msukule wa masimulizi yetu ni ndugu yake wa karibu: ndugu zake wamemlilia na kumzika, kumbe, wasemavyo watu, yuko kwa mchawi, anakula pumba na kulima usiku mashamba ya mtu mwingine. Kinachotisha pale ni jembe.

Kwa hiyo anayemkimbia zombi kwa kwenda kisiwani anamfuata nyumbani kwao. Kwa aliyemzaa zombi, bahari ilikuwa ukuta wa gereza. Riwaya ya manusura kisiwani ikiniangukia mkononi, nitaisoma kwa hamu, lakini sitahesabu vichwa vilivyopasuliwa. Nitatafuta nani ameshika ufunguo wa ghala, nani analima wakati wengine wanalinda, na nani ameshaambiwa kwamba akigoma kesho atapandishwa kwenye boti na kurudishwa bara.