Kazi za Mikono: Verni Huanzia Kwenye Kinoo

Juma hili twataka kusema nanyi juu ya meza moja. Ilikuwa meza ya chakula, ya mti wa mvule, ule ambao wachuuzi wa mbao katika Kongo huuita kambala. Aliyeitengeneza ni kijana wa mtaani kwetu, aliyemaliza kujifunza useremala mwaka uliotangulia. Jamaa yake walikuwa wameuza mbuzi wawili ili apate randa, patasi tatu na msumeno. Meza ile ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Mama aliyeiagiza alikwisha kulipa nusu ya bei, na nusu ya pili angeilipa mwisho wa mwezi.

Siku ya kumi meza ilirudi juu ya chukudu.

«Mwanangu,» akasema yule mama, wala hakusema kwa ukali, «daftari za watoto zimenata mezani. Tumezing'oa, na maandiko yamebaki juu ya ubao.»

Kijana akajibu: «Mama, verni ni nzuri, nami nimeipaka mara tatu.»

Na kweli aliipaka mara tatu, twamshuhudia. Lakini tulipoinama na kuitazama meza ile kwenye mwanga wa mlango, tuliona kwamba verni haikuwa mwanzo wa shida yake. Chini ya ule mng'ao, uso wa ubao ulikuwa na vishimo vidogo vingi, mahali ambapo randa iling'oa nyuzi za mti badala ya kuzikata. Vishimo hivyo alivijaza kwa vumbi la mbao na gundi, kisha akasugua kwa msasa, tena kwa kukingama. Kila palipopita gundi palikuwa na doa jeupe. Ndipo tukamwomba atuonyeshe kisu cha randa yake.

Tazameni, ndugu, jinsi ya kumjua mwongo huyu. Shika chuma mbele ya dirisha, makali yakuelekee. Makali yaliyo tayari hayaonekani, kwa sababu ni mahali ambapo pande mbili za chuma zakutana tu, na mwanga hauna pa kutua. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa, huo ni upana; na chenye upana hakikati, chasukuma. Kisu cha kijana yule kiling'aa toka pembe hata pembe.

Kwa mti laini angeweza kujificha siku nyingi. Mvule haumfichi mtu. Nyuzi zake hazilali upande mmoja: safu moja yaelekea huku, na iliyo karibu nayo yaelekea kule, hata randa ipitayo vizuri mahali hapa yang'oa nyuzi pale pa pili. Tena ndani yake hukutwa mara nyingine mawe magumu ya chokaa, yaliyokua pamoja na mti. Seremala akiligonga jiwe moja tu, makali ya asubuhi yamekwisha. Ukiona doa jeupe katika ubao wa mvule, lichokonoe kwanza kwa patasi iliyozeeka, usilipitie na randa. Na ya tatu, mvule una utomvu wake ambao wazuia mafuta na verni za mafuta kukauka. Hiyo ndiyo sababu daftari zilinata. Kijana alipoona koti la kwanza la verni halikauki, alidhani ni chache, akaongeza la pili juu yake, kisha la tatu. Alifunga maji chini ya kifuniko, kama tusemavyo.

Basi, turudi kwenye kinoo.

Kunoa si siri, lakini kwataka uvumilivu wa mwanzo. Kisu cha randa kina mgongo ulio bapa na upande wenye mteremko. Vijana wengi hunoa mteremko peke yake. Lakini makali huzaliwa na pande zote mbili, na mgongo wenye mikwaruzo hutoa makali yenye mapengo, hata kama mteremko wang'aa kama fedha. Kwa hiyo ulaze mgongo kabisa juu ya kinoo, usiuinue hata kidogo, ukausugue mpaka sehemu ya sentimeta 1 au 2 iliyo karibu na makali iwe kama kioo. Kazi hii yachosha mikono, lakini kwa kila kisu hufanywa mara moja tu.

Kisha mteremko. Kwa randa na patasi za kawaida, pembe yafaa iwe kati ya digri 25 na 30. Patasi igongwayo kwa nguvu ili kutoboa matundu, pembe yake ifike 30 au 35, isije ikavunjika ncha. Asiye na chombo cha kupimia pembe asifadhaike. Apime unene wa chuma, kisha apime urefu wa mteremko. Mteremko ulio mrefu mara mbili ya unene ni wa digri 30. Chuma chenye unene wa milimeta 3, mteremko wake ukiwa milimeta 6, ndio digri 30; ukifika milimeta 7, umeshuka karibu na digri 25. Rula ya mwanafunzi yatosha.

Anza na jiwe lenye chembe kubwa, ukilitia mafuta mepesi, au maji kama ni jiwe la maji. (Jiwe lililozoea mafuta haliwi tena la maji, msichanganye.) Shika chuma kwa pembe ileile, mkono usipande na kushuka, maana hapo mteremko hugeuka kuwa mviringo, na mviringo haukati. Endelea mpaka, ukipitisha kidole polepole mgongoni kuelekea nje ya makali, usikie uzi mwembamba wa chuma umejikunja toka upande hata upande. Uzi huo ndio ushahidi kwamba umefika. Kama wasikika katikati tu na haupo pembeni, bado. Ukisikika pote, nenda kwenye jiwe laini, fanya vivyo hivyo kwa mkono mwepesi, ulaze mgongo ili kuuondoa ule uzi, ugeuze tena, ugeuze tena. Mwisho pitisha mara chache juu ya kipande cha ngozi, ukivuta nyuma. Jaribu makali kwenye kichwa cha ubao laini, pale nyuzi zilipokatwa. Yakikata pakabaki pang'avu, bila kupondeka, tia kisu ndani ya randa.

Jiwe lenyewe latazamwa pia. Jiwe lililotumika miaka mingi lina bonde katikati, na bonde halinoi kilicho bapa. Tandika karatasi ya msasa juu ya kioo kinene, ulisugue jiwe hapo mpaka bonde liishe. Tumeona mafundi wa miaka 20 ya kazi ambao hawajafanya hivyo hata siku moja, nao husema vyuma vya siku hizi ni vibaya.

Juu ya mashine ya jiwe la kuzunguka twasema neno moja, na twalisema kwa haya kidogo. Yafaa kwa chuma chenye pengo kubwa. Lakini sisi wenyewe tuliharibu kisu kizuri kwa haraka: tulikikandamiza, hatukukichovya majini, na kwa kufumba na kufumbua ncha ikawa ya samawati. Rangi hiyo yaonyesha kwamba chuma cha kaboni kimefika karibu na digri 300 za moto, na ugumu wake umepotea. Hakuna dawa ila kukila chuma mpaka samawati yote iishe. Chovya kila mara, na kidole chako kisichoweza kustahimili kikuambie acha.

Msumeno hunolewa kwa tupa ya pembe tatu. Meno ya kupasua ubao kwa urefu hupigwa tupa moja kwa moja. Meno ya kukata kwa kukingama hupigwa kwa kuinamisha tupa kando, yapate ncha kama visu. Hayo tutayaeleza siku nyingine kwa picha, maana maneno matupu hayatoshi.

Sasa, kwa nini twasema kwamba verni huanzia hapa? Kwa sababu ubao uliokatwa na kisu kikali wang'aa wenyewe kabla ya kupakwa kitu chochote. Nyuzi zake zimekatwa wazi, na mafuta hupenya sawasawa. Ubao uliokwaruzwa wajaa vumbi na nyuzi zilizolala, nao hunywa zaidi hapa na kidogo pale. Wala verni haifuniki makosa. Kama kioo, huyakuza. Twajua kwamba msasa ni chombo cha heshima. Mababu zetu walisugua mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, na karatasi ya leo imerithi jina lile. Lakini msasa ni wa mwisho, kwa mkono mwepesi, kufuata nyuzi za mti. Usiupe kazi ya randa.

Na kabla ya kununua mkebe, jiulize kitu hiki kitaguswa na nini. Meza ya chakula yaguswa na sufuria ya moto, maji na sabuni: hiyo yataka verni nzuri, makoti membamba, kila moja likauke kabisa. Shelaki, ile itokayo kwa wadudu wa India na kuyeyushwa kwa spiriti, hukauka upesi ajabu na kupendeza macho, nayo yafaa kwa kabati na fremu za picha. Lakini moto huilainisha, na pombe iliyomwagika huiyeyusha. Nta ya nyuki huupa ubao uso mtamu, ila haizuii maji. Mlango ulio nje, kwenye jua na mvua, verni ya ndani hubanduka juu yake kama gamba. Hapo mafuta ya mbegu za kitani, ambayo kwenye mikebe huandikwa huile de lin, ni afadhali, kwa kuwa hayabanduki na huongezwa kila mwaka bila kukwangua. Yapakwe kidogo, yaachwe robo saa, na yaliyozidi yafutwe yote. Lakini yale yaitwayo yaliyochemshwa mara nyingi yametiwa chumvi za madini ili yakauke upesi. Kwa miiko na sahani za mti msiyatumie, tumieni mabichi, na kuyangoja majuma kadhaa.

Wengine hutuuliza juu ya mafuta ya mawese, maana yapo nyumbani. Mafuta ya kitani hukauka kwa kushika hewa na kuwa ngozi ngumu. Mawese hayafanyi hivyo kamwe. Hubaki mafuta, hushika vumbi, mwisho hunuka.

Na kwa kuwa mafuta ya kitani hukauka kwa kushika hewa, wakati huo hutoa joto. Akina mama, neno hili ni lenu hasa, ikiwa karakana ipo uani na watoto walala karibu nayo. Kitambaa kilichofutia mafuta hayo, kikikunjwa au kutupwa katika rundo pamoja na vingine, joto hukusanyika ndani, nacho chaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Si hadithi. Tarehe 23 Februari 1991, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, mafundi waliokuwa wakitengeneza upya mbao za ukutani waliacha vitambaa vyenye mafuta ya kitani katika orofa ya 22 ya jengo liitwalo One Meridian Plaza. Vikawaka usiku. Moto ule ulidumu zaidi ya saa 18, ukala orofa 8, na wazima moto 3 walikufa. Basi vitambaa vyote vya mafuta, na vya verni ya mafuta vilevile, vianikwe kimoja kimoja nje mpaka vikauke vikawe vigumu, au vitiwe katika debe la maji lenye kifuniko. Visilale ndani ya nyumba.

Kijana wetu alitumia siku mbili kunoa, na siku moja kuikwangua verni yote kwa bamba la chuma. Alipopiga randa tena, alisogeza kile chuma cha pili kinachofunika kisu mpaka kikabaki nusu ya milimeta toka kwenye makali, akachukua maganda membamba kama karatasi, na mvule haukung'oka. Akaufuta ubao kwa spiriti, akangoja ikauke, akapaka koti moja jembamba la shelaki isiyo na nta, ili kuufungia ndani ule utomvu. Juu yake akapaka verni mara tatu, na kila mara alijaribu kwanza kwa kidole, mahali pa kificho, kabla ya kuongeza. Majuma matatu yalipita. Yule mama alikuja mwenyewe, akaweka kiganja mezani, akakiinua, kisha akafungua kitambaa alichofungia fedha.

Juzi tulipopita kwake, vitambaa vyake vilikuwa kwenye kamba ya uani, kimoja kimoja. Alituomba tumwazime kioo kinene kwa ajili ya jiwe lake.