Mbona Kuku Hakojoi?

Leo nawauliza swali ambalo watoto huliuliza na wakubwa hulicheka: nani kati yenu amepata kumwona kuku akikojoa? Mbuzi twamwona, ng'ombe twamwona, na punda wa gulioni hapa Mombo twamwona hata tusipotaka. Lakini kuku hunywa maji kutwa, huinua shingo na kumeza, na mkojo wake hatuuoni. Maji yale huenda wapi? Msicheke, kwa maana jibu lake laweza kuokoa mtoto nyumbani mwenu, kama mtakavyoona mwishoni.

Kwanza fahamuni jambo hili. Kila mnyama ni kama chungu cha maji yenye chumvi. Onjeni machozi au jasho, nanyi mtasadiki. Chumvi ile ina kipimo chake. Ikizidi, mwili hunyauka ndani kwa ndani kama mchicha ulionyunyiziwa chumvi. Ikipungua mno, mwili huvimba. Tena kuna uchafu. Maharage, nyama na samaki vikiisha kutumika mwilini huacha sumu iitwayo amonia, ndiyo harufu ile inayochoma pua asubuhi katika zizi lisilofagiwa. Sumu hiyo haina budi kutolewa, na kuitoa kwataka maji. Basi kila mnyama ana kazi mbili: kutoa uchafu, na kutunza maji na chumvi.

Mwenye kazi nyepesi ni samaki. Katika mto Pangani yumo perege ambaye wataalamu, tangu mwaka 1955, humwita kwa jina la Korogwe yetu. Yeye hutoa amonia yake kwa matamvua, nayo huchukuliwa na mto. Taabu yake ni nyingine: maji ya mto humwingia mwilini bila kukoma, kwa kuwa mwili wake una chumvi kuliko mto. Kwa hiyo hanywi maji ila kidogo, naye hukojoa sana. Changu wa bahari ya Tanga ni kinyume chake. Bahari humnyang'anya maji, naye hunywa maji ya bahari, chumvi iliyozidi akaitoa kwa matamvua, na mkojo wake ni haba. Ndiyo sababu samaki wengi wa mtoni wakitiwa baharini hufa.

Sasa turudi kwa kuku. Yeye hana mto wa kumchukulia sumu, na mtoto wake hukua ndani ya yai lililofungwa pande zote. Kama kifaranga angekojoa kama mbuzi, angezama katika mkojo wake kabla ya kuanguliwa. Basi mwili wa kuku huigeuza sumu ile kuwa unga mweupe usioyeyuka upesi. Mafigo yake huushusha, utumbo huyarudisha maji mwilini, na unga hutoka pamoja na mavi. Ile rangi nyeupe juu ya kinyesi cha kuku, mfano wa chokaa, ndiyo mkojo wake! Ndiyo sababu pia mbolea ya kuku ina nguvu nyingi. Ukiitia mbichi kwenye mche wa nyanya, mche utaungua. Iache kwanza ioze vizuri.

Lakini angalieni: kuku hawezi kutoa chumvi nyingi kwa mara moja. Akila makombo ya dagaa wa chumvi, kisha maji yakakosekana bandani, aweza kufa, nasi tukadhani ni ugonjwa au jicho la mtu. Msimpe chakula cha chumvi nyingi, wala chombo chake cha maji kisikauke.

Mbuzi na ng'ombe, kama sisi, hugeuza amonia kuwa yurea, sumu iliyo nyepesi kidogo, na kuitoa kwa mkojo. Mbuzi ni mchumi. Utumbo wake huyakamua maji hata mavi yakatoka vidonge vikavu. Ng'ombe ni mwenye israfu, na mavi yake ni rojo. Wakati wa joto ng'ombe mkubwa ataka lita 30 hadi 60 kwa siku. Tena katika lita 10 za maziwa, zaidi ya lita 8 ni maji. Basi ukimnyima maji wakati wa kiangazi, usimlaumu kwa kukosa maziwa.

Chumvi nayo huihitaji, kwa kuwa majani mengi yana chumvi kidogo. Ndiyo maana mifugo hulamba udongo na hata jasho la mchungaji. Huko Mlima Elgon, nchini Kenya, tembo huingia usiku katika pango la Kitum na kuchimba mawe yenye chumvi kwa pembe zao. Wapeni mifugo chumvi, lakini maji yawe karibu.

Hodari kuliko hao wote ni choroa, aliye jirani yetu katika nyika ya Mkomazi, iliyotengwa kwa ajili ya wanyama tangu mwaka 1951. Katika miaka ya 1960 mtaalamu C. Richard Taylor aliwachunguza choroa huko Kenya. Aliona kwamba choroa mwenye kiu hazuii joto kwa kutoa jasho. Huuacha mwili wake upate joto hata digrii 45, kisha hupoa usiku. Tena hula majani usiku, wakati yamefyonza unyevu wa hewa. Mkojo wake ni haba na mzito.

Na sisi je? Mafigo yetu mawili huchuja kwa siku lita 180 hivi za maji ya damu, yaani madumu 9 ya lita 20, na karibu yote huyarudisha mwilini. Huacha kama lita moja na nusu tu itoke kuwa mkojo. Lakini sisi si choroa. Mtoto mchanga akiharisha na kutapika, maji na chumvi humtoka upesi kuliko mafigo yawezavyo kuziba, naye aweza kufa katika siku moja.

Wapo wasemao mtoto anayeharisha anyimwe maji ili tumbo likauke. Maneno hayo yameua wengi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, kipindupindu kilienea na maji ya sindano yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, na vifo vikapungua sana. Sababu ni kwamba sukari huivuta chumvi ipite katika ngozi ya utumbo, na chumvi huyavuta maji.

Basi akina mama, chukueni pakiti ya dawa hiyo katika zahanati na kuikoroga kama ilivyoandikwa. Ikikosekana, tieni katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa. Onjeni: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mpeni mtoto kidogo kidogo, mara kwa mara, wala msimwachishe ziwa. Tena utazameni mkojo wake. Akikaa saa 6 bila kukojoa, au macho yakididimia, au akishindwa kunywa, au mkiona damu chooni, msingoje kesho. Mpelekeni zahanati saa ile ile.

Kuku asiyekojoa ni mzima. Mtoto asiyekojoa yumo hatarini.