Muguu inauma? Usitupe dawa ya moyo

Shemeji yangu amechimba dhahabu upande wa Banalia zaidi ya miaka 20. Mwaka uliopita munganga mumoja wa hapa Kisangani alimuandikia dawa za moyo: atenololi, aspirini kidogo ya kila siku, na ingine ya tansio. Kisha muguu ikaanza kumubana. Akitembea mita 100, nyama ya nyuma inakaza, akisimama, inaachilia. Kule kambini wakamuambia: "Ni ile dawa ya moyo." Akaacha yote, akaanza kununua diklofenaki kwa wauzaji wa barabarani.

Walimupoteza, nasema wazi. Maumivu ya namna ile mara nyingi ni mushipa wa damu unaoziba juu ya tumbako, sukari, tansio na mafuta. Na mushipa unaoziba muguuni ni ndugu ya ule wa moyo.

Lakini maneno ya kambi hayakutoka hewani. Zamani hata waganga waliogopa kumupa mugonjwa wa miguu dawa za jamii ya atenololi, kwani zinapunguza mapigo ya moyo na zinaweza kupoza vidole. Mwaka 1991, wataalamu walikusanya majaribio mengi pamoja, wakaona kama kwa ugonjwa ambao haujakuwa mukali, dawa hizo hazimupunguzii mutu mwendo. Kama kidonda kimekwisha kutokea, hapo munganga apime mwenyewe. Na ramiprili, dawa ya tansio iliyojaribiwa kwa watu zaidi ya 9,000 na matokeo kutoka mwaka 2000, ilipunguza vifo na kupooza, hata kwa wenye mishipa mibovu ya miguu.

Kinyume chake, diklofenaki inapandisha tansio na kuchubua tumbo, zaidi sana ikikutana na aspirini. Ibuprofeni nayo inaweza kuizuia aspirini kufanya kazi yake. Hiyo ndiyo tunanunua bila kuuliza mutu!

Ninyi ma-PDG wa mashimo, pesa ya motopompe munapata. Mashine ya kupima tansio inawashinda nini?

Shemeji alirudi lopitali na kidole cheusi. Kikakatwa. Sasa anameza dawa zake, na kila asubuhi anatembea Mangobo mupaka muguu ikaze, anapumuzika, anaendelea. Waganga wanasema mwendo huo nao ni dawa. Sigara ndiyo bado tunapigana nayo.