Mtoto Huyu Hana Laana

Mtoto akifikisha miezi sita hajakaza shingo, degedege likamjia mara kwa mara, swali la kwanza katika jumuiya zetu si "Tumsaidieje mama huyu?" Swali letu ni "Nani amefanya nini?" Mmoja atasema babu alikula kiapo. Mwingine atasema mama alitoa mimba ujanani. Wa tatu atasema ukoo ule una mizimu isiyovunjwa. Nasi tunaosema hayo ndio tuliotoka kushiriki Meza ya Bwana asubuhi ileile. Maneno hayo tunayapinga, kwa sababu ni uongo, na uongo ukisemwa kwa sauti ya maombi haugeuki kuwa kweli.

Tujue kwanza jambo lenyewe. Seli za neva za mtoto aliye tumboni haziumbwi pale zitakapokaa. Nyingi huzaliwa ndani kabisa ya ubongo, kisha husafiri kwenda nje, na zinazozaliwa baadaye huzipita zilizotangulia ili zikakae juu yake. Safari hiyo ina maelekezo yake. Jeni moja inayohusika, iliyo kwenye kromosomu ya 17 na iliyotambuliwa na wanasayansi mwaka 1993, huitwa LIS1. Hutoa maagizo ya kutengeneza protini inayosaidia kuvuta kiini cha seli wakati seli inaposonga mbele. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo. Moja ikiharibika, seli nyingi hukwama njiani, na ubongo ambao ungepaswa kuwa na mikunjo huwa laini. Ugonjwa huo huitwa lisensefali. Mtoto hupata kifafa, humeza kwa shida, na huchelewa sana kukua kiakili na kimwili.

Sasa tusikilize vizuri, ndugu zetu. Kwa wengi wa watoto hawa wenye hitilafu katika LIS1, baba akipimwa haipatikani, mama akipimwa haipatikani. Hitilafu imeanza upya kwa mtoto mwenyewe. Basi hiyo laana ya ukoo imepita mlango gani?

Mtu atatuambia: "Lakini magonjwa mengine hurithiwa." Ni kweli. Iko jeni nyingine, DCX, iliyo kwenye kromosomu ya X, ambayo mama anaweza kumrithisha mwanawe wa kiume ugonjwa wa namna hiyohiyo, na huenda mama mwenyewe hakuwahi kujua kwamba anayo. Lakini kubeba jeni si kutenda dhambi. Hakuna hata mmoja wetu aliyechagua jeni zake, kama vile hakuna aliyechagua urefu wake.

Atatuambia tena kwamba Kutoka 20 inataja uovu wa baba kupatilizwa kwa wana. Basi na asome mpaka Ezekieli 18, ambako Mungu anaikataza Israeli kuitumia mithali ya zabibu mbichi na kutaka kila mtu aulizwe kwa dhambi yake mwenyewe. Tena asome Yohana 9. Wanafunzi walimwuliza Yesu swali letu lilelile, juu ya kipofu aliyekuwa amesimama palepale akiwasikia. Bwana alikana kwamba mtu yule alitenda dhambi, akakana na kwa wazazi wake. Kisha akainama, akafanya tope, akamgusa. Sisi tumebaki na swali la wanafunzi, tukaliacha jibu la Bwana.

Wako pia wanaokosea kwa upande wa pili. Husema: "Kama ni jeni tu, basi mtoto huyu ni hasara, na hakuna la kufanya." Hao nao tunawapinga. Zaburi ya 139 inasema macho ya Mungu yalituona tungali bado kukamilika. Haikuweka sharti kwamba ubongo uwe na mikunjo kwanza.

Tunasema haya tukijua kosa letu. Katika usharika wetu mama mmoja aliombewa Jumapili tatu mfululizo "kuvunja vifungo vya ukoo", mbele ya watu wote, mwanawe akiwa mgongoni. Jumapili ya nne hakuja. Hakuja tena kwa miaka miwili, wala hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kubisha hodi. Vifungo tulivyosema tunavivunja, sisi ndio tuliomfunga.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Asisimame mtu madhabahuni kutaja laana ya mzazi mwenye mtoto mgonjwa, na wazee wa kanisa walisimamie hilo. Asiambiwe mzazi yeyote aache dawa za kifafa ili aonyeshe imani. Dawa hizo zikikatizwa ghafla degedege laweza kurudi kwa nguvu na kuua, na maombi hayana ugomvi na kidonge. Tatu, kila jumuiya ipange zamu ya kumshika mtoto, walau saa mbili kwa wiki, mama apate kulala.

Tumwendee mama yule kwanza kumwomba msamaha. Kisha tumwombe atupe mtoto tumpakate.